Mshika Kofia wa Grunnedal

Kama umewahi kufika Grunnedal siku ya mashindano ya fidla, basi Svanaug umemwona, hata kama jina lake hukulijua. Ni yule mama aliyekupita mbio koridoni, pini amezibana midomoni, kiatu cha mtu mwingine mkononi. Ukamwuliza choo kiko wapi, akakuonyesha kwa kidevu, na kabla hujamaliza kusema ahsante alikuwa keshapotelea mlango wa pili.

Mimi nimezunguka kwenye mikutano hii ya ngoma za kwetu miaka mingi, kiangazi baada ya kiangazi, bonde hili na bonde lile. Nalala ndani ya kigari changu, na watu wa kamati hunipa kizibao cha manjano nipange magari ya wageni malishoni. Ni kazi ya kusimama, na mtu anayesimama huwaona vizuri wanaokimbia. Basi nawaambia, sijaona anayekimbia kama Svanaug. Umri wake umeshavuka sitini, mwembamba, mikono mirefu, nywele kazifunga nyuma kwa mpira wa kufungia mfuko wa mkate. Nyumbani kwake hula amesimama, sahani juu ya friji. Marehemu mumewe alikuwa akituambia, "Mimi nilioa mke, nikaletewa upepo." Alisema hivyo akicheka, maana alimpenda.

Mashindano yetu hufanyika shuleni. Wageni huketi kwenye ukumbi wa michezo, chini ya vyuma vya mpira wa kikapu, na waamuzi mbele yao na kalamu zao. Lakini mashindano yenyewe, ukiniuliza mimi, yako nyuma ya pazia. Kuna korido ndefu, na kila darasa lina mpiga fidla ndani yake, kaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yanakaribia kidevu, analinganisha nyuzi. Fidla zetu zina nyuzi juu na nyuzi chini. Za juu unazipiga, za chini zinalia zenyewe kwa kuitikia. Kwa hiyo kulinganisha si jambo la kuharakisha. Ukipita kwenye korido ile utadhani nyuki wamegombana. Mwisho wa korido kuna jiko, na jikoni kuna sufuria ya uji wa malai ambayo mtu mmoja hawezi kuiinua.

Eneo lote hilo, tangu pazia hadi sufuria, ni la Svanaug. Mkanda wa mtu umekatika: Svanaug! Mtoto wa mtu katapika kwa woga: Svanaug! Mwamuzi anataka kahawa isiyo chungu: Svanaug, na hapo utamsikia akinung'unika, "Kahawa isiyo chungu ni maji, akanywe bombani."

Na kuna kazi moja tu inayomtoa mbele ya pazia. Yeye ndiye mshika kofia.

Ngoma ya kofia huchezwa na mtu mmoja, fidla moja ikimpigia. Mchezaji anazunguka, anachuchumaa, anaruka, anajipindua, watu wanapiga miguu sakafuni. Kisha anamtupia jicho mshika kofia, ambaye amesimama juu ya kiti na fimbo ndefu mkononi, kofia imetundikwa kwenye ncha. Jicho hilo ndilo ishara. Fimbo inanyooshwa, kofia inapanda, mchezaji anaruka na kuipiga teke ianguke. Fidla nayo hubadilika papo hapo, inaingia kipande cha mwisho, kile chenye nguvu, maana teke halipigwi kwa kipande kingine chochote. Kofia ikipanda, fidla inafuata. Mpiga fidla hakai kufikiri; ni kama mtu anayepiga chafya.

Sasa, kasoro ya Svanaug bonde zima linaijua. Anainua mapema. Hawezi kungoja. Wachezaji wamemzoea, na wengine huanza kuvuta pumzi ya teke wakimwona tu anakanyaga kiti.

"Svanaug," Eilev alimwambia asubuhi ya siku ninayoisimulia, "mwaka huu ungoje ishara. Nakuomba." Eilev ndiye mwenyekiti wa kamati, mfuga ng'ombe, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia mifugo kutoka ng'ambo ya mlima.

"Kwani lini sikungoja?"

"Mwaka jana yule kijana wa bonde la Valdres hata jasho halijamtoka, kofia iko darini."

"Alikuwa anachelewa."

"Anachelewa nini wewe mama! Ndiyo kwanza alikuwa anaanza!"

"Basi mpe fimbo mtu mwingine, tusisumbuane." Alisema hivyo, lakini fimbo yenyewe alikuwa kaikumbatia kama mtoto.

Eilev akashusha sauti, kitu ambacho kwake ni kazi. "Leo hasa, Svanaug. Kwa sababu ya Tarjei."

Hapo Svanaug alikwenda kukoroga uji ambao haukuwa na haja ya kukorogwa.

Tarjei ni mdogo wake, wa tumbo moja. Baba yao, mzee Sveinung, alikuwa mpiga fidla ambaye watu walivuka milima kumsikiliza, na Tarjei alirithi vidole vyake. Zamani, akiwa bado kijana, alipanda jukwaani hapa hapa Grunnedal kupiga wimbo wa baba, ngoma ya kofia, na baba mwenyewe kaketi safu ya mbele. Akafika katikati, wimbo ukamtoka kichwani. Akarudia kipande alichokuwa nacho, akakirudia tena, hakuona pa kutokea. Akasimama, akainamisha kichwa, akapita nyuma ya pazia, akaishika korido, akafungua mlango wa nyuma na kwenda zake. Mchezaji aliachwa jukwaani mguu mmoja juu. Tarjei walimkuta kituo cha basi na mavazi yake ya kijadi, vifungo vya fedha kifuani, fidla mapajani, na basi lilipokuja hakulipanda.

Baba hakumkemea. Svanaug aliwahi kuniambia kwamba hapo ndipo lilipoharibika, angekemewa, yangekwisha. Mzee Sveinung alikula chakula chake, akasema viazi vya mwaka huu ni vizuri, akaenda kulala. Tangu hapo Tarjei hakupiga tena mbele ya watu. Anafuga mbuzi juu kidogo ya kanisa, na wakati wa kukamua huwapigia mbuzi fidla. Wenye magari wanaopita pale hupunguza mwendo, wanashusha vioo, halafu wanaondoka polepole asijue.

Gunnvor, binti wa jirani yake, alikulia nyuma ya ukuta wa banda lile. Wenzake walijifunza ngoma kwenye chama cha vijana, yeye alijifunza nje ya banda la mbuzi, kwenye matope, na mwenye fidla hana habari. Sasa ni mtu mzima, ni fundi umeme, ana mabega ya kupandia nguzo, na kwa kuruka anawashinda wanaume wengi. Mwaka huu alimwendea Tarjei akamwambia waziwazi, "Mjomba, nataka kucheza ngoma ya kofia shuleni, na sitaki fidla nyingine. Usipokuja wewe, sichezi." Tarjei aliendelea kukamua. Alikamua mbuzi wote waliobaki, kisha akauliza, "Utavaa viatu gani?" Ndivyo alivyokubali.

Svanaug ndiye aliyewaandikisha, na ndiye aliyemhakikishia Eilev kwamba safari hii hakuna kutoroka. Lakini moyoni alijua, na sote tulijua. Tarjei akiondoka tena, Gunnvor ataachwa jukwaani peke yake mbele ya bonde zima, na yule bwana hatashika tena fidla, hata kwa mbuzi.

Kwa hiyo siku ile Svanaug alikuwa Svanaug mara mbili. Alimweka mdogo wake darasa la mwisho, mlango wa pili kutoka jikoni, na kila alipopita alichungulia.

"Upo?"

"Nipo, dada."

Akaenda kumshonea mtu kifungo, akarudi. "Bado upo?"

"Nitakwenda wapi? Viatu vyangu umevificha."

"Sijavificha. Nimevipeleka kupigwa rangi."

"Tangu asubuhi?"

"Ni viatu vichafu sana," alisema Svanaug, akapotea.

Viatu vilikuwa kabatini, nyuma ya mfuko wa unga. Niliviona mwenyewe nilipokwenda kuomba kikombe cha kahawa, na aliponiona nimeviona alinikazia macho, nikanywa kahawa yangu nikanyamaza.

Mchana ulipokaribia, mchezaji mmoja alipasua sketi yake tangu kiunoni, na Svanaug akapiga magoti koridoni akashona, sindano inakwenda na kurudi, yule binti analia, mama wa yule binti analia zaidi. Alipoinuka akaenda mbio darasa la mwisho. Kiti kitupu. Sanduku la fidla liko wazi na fidla haimo. Na mlango wa nyuma, ule ule, ulikuwa unapigapiga kwa upepo.

Alinijia malishoni aproni imempanda begani.

"Asle! Umemwona?"

"Nani?"

"Usiniulize nani!"

Niliacha gari la watu limekaa nusu njia, dereva akanipigia honi, nikamwomba radhi kwa mkono. Tulikwenda kwanza kituo cha basi, maana miguu ya Svanaug ilikwenda huko yenyewe. Palikuwa na wageni wawili wa baiskeli wanakula mkate na jibini ya kahawia. Hawakuona mtu.

"Hawezi kuwa mbali," nikamtuliza. "Hana hata viatu."

"Wakati ule alikuwa na viatu akaishia hapa. Sasa hana, atafika Uswidi."

"Svanaug, mtu hatembei na soksi hadi Uswidi."

"Humjui Tarjei."

Tulirudi kupitia upande wa magari ya kulala, na hapo ndipo nilipomhurumia kweli. Siku ya mashindano kila gari lina fidla mlangoni. Watu hukutana, wanafunguliana masanduku, na hakuna anayekumbuka tena kwamba alikuja kushindana. Unatafuta fidla moja ndani ya msitu wa fidla. Svanaug alikwenda mlango hadi mlango akichungulia kama mkusanya kodi.

"Karibu kahawa, Svanaug!"

"Sinywi!"

"Keti kidogo basi!"

"Siketi!"

Halafu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasimama. Akainua kidole. Mbali kule, safu ya mwisho kando ya mto, ilitoka sauti moja tofauti na nyingine, nzito, ya chini, inanguruma kama dume la ng'ombe ndani ya zizi.

"Kalegeza uzi," alisema, na uso ukamshuka. "Asle, yule mjinga kalegeza uzi."

Tulimkuta kando ya gari kuukuu la rangi ya buluu. Bibi Torgunn alikuwa kaketi kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje juu ya kigoda. Nyonga zake hazimpeleki tena popote, na mwanawe alikuwa kamwacha hapo akaenda ukumbini kutazama. Na Tarjei huyo, chini kwenye nyasi, kwa soksi, fidla kifuani, macho kayafumba.

"Tarjei!"

"Hebu nyamaza," alisema Bibi Torgunn. "Hajamaliza."

"Bibi, anangojwa jukwaani!"

"Na mimi nimengoja tangu mume wangu afe. Wao wangoje kidogo."

Tarjei akafumbua macho akashusha uta wa fidla. Hakuonekana kama mtu aliyekimbia. Alionekana kama mtu aliyeamshwa.

"Nilitoka kutafuta viatu," alisema.

Svanaug akaanza kuikunja aproni yake.

"Nikadhani labda umeviacha garini kwako. Nikapita hapa, bibi akaniita. Akaniambia, wewe si mtoto wa Sveinung, nipigie ule aliokuwa akiupiga mume wangu. Sasa ningesemaje, dada? Na ule haupigwi bila kulegeza."

Hapo nieleze kidogo. Nyimbo zetu nyingi hupigwa nyuzi zikiwa zimekazwa kwa kawaida, lakini chache, za zamani sana, zinataka uzi mnene kuliko wote ulegezwe ushuke chini kabisa. Uzi wenyewe ni wa utumbo wa kondoo. Ukishaulegeza ukatulia, ukiukaza tena haraka unakudanganya: unakaa vizuri ukiwa chumbani, na ukifika katikati ya wimbo unateleza tena, zaidi kwenye ukumbi wenye joto. Hakuna mpiga fidla asiyejua kwamba ukikaribia kuitwa jukwaani huugusi uzi huo. Na mimi sijamwona bado mpiga fidla ambaye angeombwa na mjane wimbo wa mumewe akakataa.

Kipaza sauti cha shule kikakoroma, na sauti ya Eilev ikavuka malisho yote. "Gunnvor na Tarjei, wajiandae! Gunnvor na Tarjei!"

Tukakimbia. Tarjei kwa soksi, Svanaug mbele, mimi nyuma na pumzi zangu za uzee.

"Urudi umalizie!" Bibi Torgunn alituita.

"Nitarudi, bibi!"

Gunnvor alikuwa koridoni tayari, suruali yake fupi na soksi nyeupe, anaruka ruka mahali pamoja kupasha misuli moto. Tarjei alipitisha uta mara moja kwenye nyuzi, naye akaacha kuruka.

"Hiyo nini? Mbona inanguruma?"

"Kaza," Svanaug alimwamuru mdogo wake. "Kaza sasa hivi, wimbo wenu si wa kulegeza."

"Nikiukaza utateleza nikiwa jukwaani. Tutasikika kama ng'ombe anayezama."

"Basi piga hivyo hivyo ilivyo," alisema Gunnvor.

"Hivyo ilivyo, ngoma ya kofia ni moja tu."

Hata mimi niliyeegemea ukuta nilijua ni ipi. Wimbo wa mzee Sveinung.

"Naujua," Gunnvor akasema. "Nimeucheza kwenye matope nyuma ya banda lako nikiwa na meno ya utoto. Najua hata unapoishia."

Tarjei akamtazama. "Ninaishia wapi?"

"Pale pale kila siku, mjomba. Hata mbuzi wanajua. Wakisikia umefika pale wanaanza kuondoka."

Sikujua kama Tarjei alitaka kucheka au la. Mdomo ulicheza kidogo, kisha macho yake yakaenda mlango wa nyuma, na Svanaug, ambaye hata sikumwona akisogea, alikuwa tayari kasimama mbele ya mlango ule, mgongo kwenye kitasa.

"Dada," Tarjei akasema taratibu, "toka mlangoni. Nahitaji viatu vyangu."

Hakutoka mara moja. Walitazamana. Kisha akaenda jikoni akarudi navyo, vina unga juu, akainama akamfunga kamba mwenyewe, haraka haraka, kama anayefunga mfuko wa viazi. Tarjei alimwacha amfunge.

Mimi nilibaki pembeni ya pazia. Magari yalijipanga yenyewe siku ile, na yalijipanga vibaya.

Svanaug alipanda kiti chake. Kofia yenyewe ni nyeusi, ya sufu, imepigwa mateke mpaka haina tena umbo la kofia. Tarjei akaketi, akapiga mguu sakafuni, akaanza. Ule uzi mnene ulitoka chini kama kitu kinachoburutwa, na wazee ukumbini wakainua vichwa, maana wengine walikuwa hawajausikia tangu mzee Sveinung azikwe. Gunnvor akaingia. Nisiwachoshe kwa kuelezea mchezo wake; alicheza kama mtu anayejua matope yako wapi. Alichuchumaa, akajizungusha kwa mkono mmoja, akainuka bila kugusa chini. Watu wakaanza kupiga miguu.

Kisha Tarjei akafika pale.

Nilijua kwa sababu kipande kilirudi. Kurudia kipande si kosa kwetu, mpiga fidla hurudia apendavyo, na watu ukumbini walidhani anawapandisha hamu. Kikarudi tena. Gunnvor akazunguka mara nyingine. Kikarudi tena. Hakuwa na mchezo mwingine wa kuonyesha sasa, alikuwa anatembea tu kwa mdundo, jasho linamtiririka, na hakuweza kutoa ishara ya teke, maana teke linataka kipande cha mwisho na kipande cha mwisho hakiji. Alikuwa anamngoja Tarjei. Tarjei alikuwa anazunguka ndani ya vidole vyake kama mtu anayetafuta swichi gizani. Na mimi kutoka pale pembeni niliona macho yake yanainuka kwenye nyuzi na kuja taratibu upande wa pazia, upande wangu, upande wa korido.

Svanaug naye aliyaona.

Baadaye nilimwuliza alifikiria nini, akaniambia hakufikiria kitu, angefikiria saa ngapi? Mkono ulikwenda wenyewe. Fimbo ikanyooka, kofia ikapanda juu kabisa, bila jicho, bila ishara, na Gunnvor alikuwa kampa mgongo. Nilimsikia Eilev pembeni yangu akisema, "Ah, Svanaug!" kwa ile sauti yake, ukumbi mzima ukasikia.

Lakini kofia ikipanda, fidla inafuata. Tarjei aliiona iko juu, na uta ukaruka. Kipande cha mwisho kikatoka, kizima, na nguvu zake zote, kama vile kilikuwa nyuma ya mlango muda wote huo. Uso wake ulishangaa kuliko sisi.

Gunnvor akageuka, akaona kofia, akaruka bila kujipanga. Mguu ukapita chini ya kofia, ukapiga fimbo, Svanaug akayumba kitini na watu wakapiga ukelele. Hakushuka. Aliikaza fimbo kwa mikono miwili. Gunnvor akazunguka mara moja, safari hii akamtupia jicho kweli kweli, la hasira, akaruka, na kofia ikaenda ikaangukia kwenye kalamu za waamuzi.

Ngoma ikaisha hapo. Fidla haikuisha. Tarjei alifika mwisho wa wimbo, akasita kidogo tu, akaurudia tangu mwanzo, peke yake, bila mchezaji, akapita pale bila kusimama, akaufikisha mwisho tena. Waamuzi walitazamana, hawakuwa na kanuni ya jambo hilo. Gunnvor alikaa chini sakafuni akavuta pumzi. Na Svanaug akabaki juu ya kiti, fimbo tupu imenyooka hewani, mdomo wazi, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwona ametulia muda mrefu namna ile.

"Shangazi," Gunnvor alimwita hatimaye kutoka sakafuni. "Shuka. Kofia imeanguka zamani."

Nyuma ya pazia aliendelea kumsema. "Uliinua mapema, shangazi! Ningengoja zamu yangu ningeipata kwa teke la kwanza."

"Ungengoja mpaka Krismasi."

"Wamenikata alama!"

"Wacha wakate. Njoo nikushone soksi, imetoboka."

Waliwekwa karibu na mkia, na ni haki, teke la kwanza lilikosa na macho ya waamuzi yako hapo. Eilev alikuja koridoni na uso wa kutaka kugomba. Akamtazama Tarjei, akamtazama Svanaug, akaomba uji. Uji ulikuwa umeungua chini. Akaula, akasema ni mzuri.

Svanaug akarudi kwenye mbio zake. Pini, kahawa, mtoto mwingine kapoteza uta. Alikuwa kapiga magoti kwenye soksi ya Gunnvor pale mlango wa nyuma uliposikika unafunguliwa. Aliinuka kama mtu aliyechomwa. Tarjei alikuwa anatoka, fidla kwapani, bila sanduku.

Svanaug alifika mlangoni akashika kitasa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo nje, nikavaa upya kizibao changu. Tulimwona mdogo wake akikata malisho, hakwenda upande wa kituo cha basi, alikwenda upande wa mto, kwenye lile gari la buluu, ambalo mwanawe Bibi Torgunn alikuwa sasa amelirudia na kuliwasha.

Nilidhani atamkimbilia. Mguu mmoja ulishatoka nje. Kisha akaurudisha ndani.

"Asle," aliniambia, "yule anataka kuondoka na mama yake. Nenda kamzibie njia."

"Nimzibie kwa kitu gani?"

"Kwa chochote! Una kizibao!"

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya gari la buluu nikainua mikono miwili kama nilivyofundishwa, na yule mwana akatoa kichwa dirishani akaniuliza kuna nini mbele. Njia ilikuwa tupu mpaka barabarani. Lakini Bibi Torgunn alikuwa tayari amefungua mlango wake na kuirudisha miguu juu ya kigoda, na kule shuleni mlangoni niliona aproni nyeupe bado imesimama.